Injini ya V8: Kwa nini silinda haziwaki kwa kufuatana

MSAFIRI anayetoka Tabora kwenda Kigoma kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza hufuata mwelekeo wa njia ya kale ya misafara, ambayo wapagazi waliipita kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Leo mzigo hubebwa na gari, na injini ikianza ‘kumisi’ katikati ya miombo, gereji huwa mbali.

Kwa gari lenye injini ya V8, chanzo huweza kuwa kosa dogo lililofanyika mjini kabla ya safari: nyaya mbili za plagi kubadilishana nafasi.

Injini ya V8 ina silinda nane katika safu mbili za nne nne, zinazokutana chini mfano wa herufi V. Pistoni zote huzungusha mhimili mmoja, ambao mafundi huuita krenki.

Kila silinda huvuta hewa na mafuta, hugandamiza, huchoma, kisha hutoa moshi. Kazi hiyo hukamilika krenki ikizunguka mara mbili, yaani nyuzi 720. Kwa silinda nane, moto huwaka kila baada ya nyuzi 90. Krenki ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, moto huwaka mara 8,000.

Injini ya petroli ya Rover ya lita 3.5, iliyofungwa katika Range Rover ya mwaka 1970, na Toyota 2UZ-FE ya lita 4.7 ya Land Cruiser 100, hufuata mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Namba witiri ziko safu ya kushoto, na shufwa kulia.

Mpangilio huo hutawanya nguvu ili krenki na beringi zake zisielemewe upande mmoja. Hata hivyo, safu hazipokezani sawasawa, na hapo ndipo hutoka ule mngurumo wa V8.

Silinda ya 5 na ya 7 ni jirani, tena huwaka moja baada ya nyingine. Katika injini zenye distributa, nyaya zake zikilazwa pamoja, umeme wa plagi ya 5 huweza kuiwasha ya 7 kabla ya wakati. Hivyo ni lazima zitenganishwe.

Mpangilio ukikosewa, injini hutetemeka na kupoteza nguvu, na petroli isiyoungua huharibu kifaa cha kusafisha moshi katika ekzosi.

Fundi asinakili mpangilio wa gari jingine. Ford, kwa mfano, huhesabu silinda 1 hadi 4 safu moja na 5 hadi 8 safu ya pili. V8 za dizeli hazina plagi za cheche, lakini nozeli zake nazo hufuata zamu.

Kinga ni rahisi: kusoma kitabu cha gari husika, kuandika namba kwenye kila waya, na kung’oa mmoja mmoja.