Mpini wa Fimbo ya Gofu

Ndugu wenzangu tuliosoma pamoja, katika mashindano yetu ya mwaka jana nilishindwa na mtu niliyekuwa nikimwazima penseli kidato cha pili, na kisa ni mpini. Mimi hupiga polepole, lakini kwa majivuno nilinunua fimbo za mipini migumu. Mpini ukakataa kupinda, na kila mpira ukaenda kulia, majanini.

Wazee wa mchezo huu walilijua jambo hilo mapema. Mipini yao ilikuwa ya hikori, mti wa Marekani, wala haikupatikana miwili iliyopinda sawasawa. Mchezaji aliijaribu mmoja mmoja mkononi. Bobby Jones alichagua yake hivyo, na mwaka 1930 akashinda mashindano makubwa yote manne. Lakini mwaka 1929 chama cha St Andrews kilikuwa kimekwisha kuruhusu chuma, na mwaka 1931 Billy Burke akatwaa ubingwa wa wazi wa Marekani kwa mipini ya chuma. Baadaye viwanda vikaandika alama ya ugumu juu ya mpini.

Alama hizo ndizo nilizozidharau dukani. Sasa nimeazima fimbo za mke wangu, zenye mipini laini. Tutaonana uwanjani Desemba.