Darubini ya 1-6 au 1-10 kwa AR-15? Anza na namba ndogo, sio kubwa

Kama unaishi Marekani na umeanza kwenda uwanja wa shabaha na wenzako wa kazini, au jirani amekualika kuwinda nguruwe pori huko Texas, mapema tu utajiuliza: juu ya bunduki niweke darubini gani?

Dukani utakutana na namba: 1-4, 1-6, 1-8, 1-10. Wengi wanaikimbilia ile kubwa, wakiamini kubwa ndiyo bora. Halafu wanafika uwanjani picha ni ya giza, bunduki ni nzito na kichwa kinahangaika kutafuta pa kukaa.

Kwa bunduki ya nusu-otomatiki kama AR-15, namba ya kuanza nayo ni ile 1. Soma hapa kabla hujatoa hela.

NAMBA ZINAMAANISHA NINI

Chukua darubini iliyoandikwa 1-6x24. Inaanza na mara 1, yaani unakiona kitu kwa ukubwa uleule unaouona kwa macho. Ukizungusha pete iliyo upande wa nyuma, inakuza hadi mara 6. Ile 24 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita.

Kwa hiyo kifaa kimoja kinafanya kazi mbili. Kwenye 1 kinakaribia kuwa kama kile kioo chenye nukta nyekundu, cha kulenga haraka vitu vya karibu. Kwenye 6 kinakuwa darubini ya kulenga mbali.

Aina hii ilipata jina kwenye mashindano ya 3-Gun ya Marekani, ambako mshindani anatumia raifo, bastola na shotgani huku saa inahesabu. Shabaha moja iko hatua chache, nyingine iko yadi mia kadhaa. Jeshi nalo likafuata. Mwaka 2020 Marine Corps ya Marekani ilichagua Trijicon VCOG ya 1-8x28 kushika nafasi ya ACOG, ambayo inakuza mara 4 tu na haibadiliki.

1. PIMA ILE 1 KWANZA

Mwombe muuzaji akupe darubini ikiwa haijafungwa kwenye bunduki. Iweke kwenye 1, fungua macho yote mawili, tazama fremu ya mlango au rafu za duka.

Ile mistari ikipinda pembeni, au ukiona picha ya ndani ni kubwa au ndogo kuliko ya nje, hiyo 1 sio 1 ya kweli. Ubongo wako utachoka kuunganisha picha mbili zisizolingana, na ukitaka kulenga haraka utachelewa. Nzuri inafanya kitu kimoja tu: unaona dunia kama kawaida, ila kuna alama ya kulengea katikati.

Kabla hujaihukumu, rekebisha kwanza pete ndogo ya jicho iliyo mwisho kabisa wa nyuma. Tazama ukuta mweupe au anga, zungusha mpaka alama ya kulengea iwe kali. Watu wengi wanasema darubini ni mbovu kumbe pete hii hawajaigusa.

2. UKUBWA WA JUU UNALIPIWA KWA MWANGA

Hapa kuna hesabu rahisi sana. Gawa upana wa lenzi ya mbele kwa namba ya kukuza. Jibu ni upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni.

- 24 gawa kwa 6 ni milimita 4.
- 24 gawa kwa 8 ni milimita 3.
- 24 gawa kwa 10 ni milimita 2.4.

Mchana wa jua kali mboni ya jicho inakuwa na upana wa milimita 2 hadi 4 hivi, kwa hiyo hata ile 2.4 inaweza kukutosha. Jioni mboni inapanuka, na kwa kijana inaweza kufika karibu milimita 7. Na jioni ndiyo muda nguruwe pori wanapotoka. Hapo 1-10 yako ukiizungusha hadi mwisho inakupa picha ya giza.

Shida ya pili: duara likiwa dogo, jicho lazima likae katikati kabisa. Ukisogeza kichwa kidogo tu, picha inakuwa nyeusi. Ukiwa umelala chini na una muda, sio tatizo. Ukiwa umesimama na unahema, ni tatizo kubwa.

Hii haina maana kwamba 1-8 au 1-10 ni mbaya. Ina maana kwamba unailipia zaidi, na kuna hali ambazo hiyo namba ya juu hutaweza kuitumia.

3. FFP AU SFP?

Herufi hizi utaziona kwenye boksi. Zinakwambia alama ya kulengea inafanyaje ukizungusha pete.

FFP: alama inakua na kupungua pamoja na picha. Vipimo vyake viko sahihi kwenye namba yoyote. Ubaya wake ni kwamba kwenye 1 alama inakuwa ndogo mno, wakati mwingine huioni bila taa.

SFP: alama inabaki na ukubwa uleule siku zote. Kwenye 1 unaiona vizuri. Lakini vile vistari vya kulengea mbali viko sahihi kwenye namba moja tu, kwa kawaida ile ya juu kabisa.

Hilo la mwisho sio jambo dogo. Tuseme una SFP ya 1-6, na kuna kistari ambacho kwenye 6 kinashusha shabaha kwa sentimita 30 ukiwa mita 300. Ukisahau pete ikabaki kwenye 3, kistari hichohicho sasa ni sentimita 60. Risasi itapita juu ya ulichokuwa unalenga na kwenda kusikojulikana.

Kwa darubini ya hadi mara 6 na shabaha za umbali wa kawaida, SFP inatosha na ni nafuu. Ukienda 1-8 au 1-10 kwa ajili ya masafa marefu, FFP inaanza kuwa na maana.

4. TAA IJARIBU NJE, SIO DUKANI

Ndani ya duka kila taa inang'aa. Omba kutoka nje, hata kama ni mlangoni tu, uone kama alama nyekundu inaonekana juani. Nyingi za bei ya chini zinazimika kabisa kwenye mwanga wa mchana. Kama ni FFP, sharti hili usilirukie.

Angalia pia betri. Nyingi zinatumia CR2032, ile bapa kama sarafu, inayopatikana karibu kila duka. Nyingine zinajizima zenyewe zikikaa bila kuguswa, na hilo litakuokolea betri.

5. MOA AU MRAD

Ni vipimo vya kurekebisha shabaha kwa vile vitasa vya juu na pembeni. MOA 1 kwenye yadi 100 ni karibu sentimita 2.7. MRAD 1 kwenye mita 100 ni sentimita 10 kamili, kwa hiyo mlio mmoja wa 0.1 ni sentimita 1.

Sisi tuliosoma kwa mita tunaiona MRAD rahisi. Lakini viwanja vingi vya Marekani vinapimwa kwa yadi, na wenzako wanaweza kuwa wanaongea MOA. Chagua unachokielewa, ila hakikisha alama ya ndani na vitasa vya nje viko kwenye kipimo kimoja. Vikitofautiana utakuwa unapiga hesabu kila risasi.

6. UZITO NA KISHIKIO

Darubini nyingi za aina hii zina gramu 450 hadi 650. Ongeza kishikio chake, unakaribia uzito wa simu tatu au nne juu ya bunduki yenye kilo 3 hivi. Dukani huuhisi. Baada ya saa mbili za kutembea, mabega yatakwambia.

Kwa AR-15 tafuta kishikio cha kipande kimoja kinachoisogeza darubini mbele, ili jicho likae sentimita 9 au 10 kutoka kioo cha nyuma. Hakikisha:

- Kipenyo kinalingana. Mabomba mengi ni milimita 30, mengine 34.
- Kishikio chote kimekaa kwenye reli ya mwili wa bunduki, sio nusu yake kwenye kile kifuniko cha mtutu unachoshika kwa mkono. Kifuniko kinacheza, na shabaha itacheza nacho.
- Skrubu zimekazwa kwa spana ya kupima nguvu, kwa kiwango alichoandika mtengenezaji. Ukikaza kwa hasira unabana bomba na kuharibu darubini ya mamia ya dola.

Kabla ya kufunga chochote, toa magazini, fungua chemba, tazama kwa macho, halafu ingiza kidole uhakikishe hakuna risasi.

7. DARUBINI YA BUNDUKI SIO YA KUTAZAMIA

Kama utakumbuka sehemu moja tu ya makala hii, iwe hii.

Popote unapotazama kwa darubini ya bunduki, mtutu nao unatazama hapohapo. Ukiona kitu kinacheza kwenye nyasi ukainua bunduki ili ujue ni nini, na kumbe ni mwindaji mwenzako au mtoto wa mwenye shamba, tayari umemwelekezea silaha mtu.

Beba darubini ya mkononi, ya mara 8 au 10. Tambua kwanza kwa hiyo. Ukishajua ni mnyama gani na nyuma yake kuna nini, ndipo bunduki inapanda. Risasi ya AR-15 inaweza kusafiri zaidi ya maili moja ikikosa shabaha.

Hii pia inapunguza tamaa ya namba kubwa. Anayetaka mara 10 kwenye bunduki mara nyingi anataka kuona, sio kulenga. Kazi ya kuona ina kifaa chake.

8. HELA YAKO IENDE WAPI

Kwa kawaida za kuanzia zinacheza dola 250 hadi 500, za kati zinakaribia 1,000, na za juu zinapita 2,000. Weka kando dola 100 hadi 300 za kishikio, pamoja na hela ya risasi za mazoezi.

Kwenye bei ya chini, 1-6 karibu kila mara inaishinda 1-10. Kukuza mara 10 vizuri kunahitaji vioo vya gharama. Kama bei ni ya chini, ujue mahali fulani wamepunguza.

Soma pia dhamana. Vortex kwa mfano wanatoa dhamana ya maisha inayohamia kwa mmiliki mpya hata bila risiti, jambo linalosaidia ukinunua iliyotumika. Ukikuta jina kubwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, jihadhari, kuna za kughushi.

9. USIITUME NYUMBANI KAMA ZAWADI

Hili ni kwa ndugu zetu wa diaspora. Darubini ya bunduki sio kama simu au viatu. Marekani inaiweka kwenye orodha ya vifaa vinavyodhibitiwa na Wizara ya Biashara, na kuipeleka Tanzania, Kenya au Kongo kunahitaji kibali cha kusafirisha. Kuificha kwenye sanduku la nguo kunaweza kukuletea kesi huku, na kumletea mpokeaji maswali ya polisi kule.

KWA UFUPI: UCHUKUE IPI?

- Mazoezi, ulinzi wa nyumbani na shabaha za chini ya yadi 300: 1-6, SFP, taa inayoonekana mchana.
- Nguruwe pori jioni: 1-6 yenye kioo safi. Kioo kizuri ni bora kuliko namba kubwa.
- Shabaha za yadi 400 hadi 600 mara kwa mara: 1-8 FFP, na bajeti ya kutosha.
- 1-10: kama tayari umetumia ndogo na unajua hasa imekushindia wapi.

Kabla ya kwenda kuwinda, soma sheria za jimbo lako, maana kila jimbo lina zake. Na ukishafunga darubini, usiiamini mpaka uipige kwenye karatasi: anza yadi 25, kisha 50 au 100, risasi tatu tatu, ukirekebisha vitasa taratibu mpaka zote zikae pamoja pale unapolenga.