Hospitali ya chuo kikuu milimani Usambara: Serikali huombwa nini?

MGONJWA mahututi wa Lushoto anayehitaji daktari bingwa hulazimika kwanza kushuka mlima. Barabara ya kupitia Soni hadi Mombo ina urefu wa kilomita zipatazo 33 na kona nyingi kali. Kutoka hapo safari huendelea ama kuelekea Hospitali ya Bombo jijini Tanga, ama Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi.

Kwa wilaya iliyohesabiwa kuwa na watu zaidi ya 490,000 katika sensa ya mwaka 2012, umbali huo ndio unaolipa uzito suala la hospitali ya kufundishia madaktari katika milima ya Usambara.

Hospitali ya kufundishia si hospitali kubwa tu. Ni mahali ambapo mwalimu wa darasani ndiye pia bingwa wa wodini, na mwanafunzi hujifunza kando ya kitanda cha mgonjwa. Huhitaji maabara, vyumba vya upasuaji, maktaba, mabweni, na wagonjwa wa kutosha wa kila aina.

Usambara haianzi na mikono mitupu. Lutindi, upande wa Korogwe, imekuwa ikitunza wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Amani, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, baadaye kilipata sifa kwa utafiti wa malaria. Bumbuli kuna hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na mafunzo ya matabibu.

Elimu ya juu nayo ilifika mlimani. Mwaka 2007 Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT ilianzisha chuo kikuu kishiriki huko Magamba, kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, aliyepata kuwa Mkuu wa KKKT. Mkazo wake ulikuwa elimu ya watu wenye mahitaji maalumu.

Kwa taasisi ya dini au ya binafsi inayotaka kuvuka hadi kwenye udaktari, mifano ipo nchini. KCMC na Bugando, Mwanza, zote zilifunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za makanisa. Chuo cha tiba cha KCMC kilianza mwaka 1997, na cha Bugando mwaka 2003. Hospitali zote mbili zilitangulia vyuo vyao kwa zaidi ya robo karne.

Ombi linalopelekwa serikalini kwa kawaida huwa na sehemu nne. Ya kwanza ni watumishi: madaktari na wauguzi wanaolipwa mishahara na Serikali huku wakifanya kazi katika hospitali ya kanisa. Ya pili ni ruzuku ya uendeshaji na dawa. Ya tatu ni ardhi, barabara, maji na umeme. Ya nne ni mikopo ya wanafunzi, inayotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004.

Msingi wa ushirikiano huo uliimarishwa mwaka 1992, Serikali na makanisa yalipotiliana saini makubaliano kuhusu huduma za jamii. Kabla ya hapo tayari kulikuwa na utaratibu wa hospitali teule, ambao hospitali ya kanisa hutumika kama hospitali ya wilaya kwa msaada wa Serikali.

Hata hivyo, jengo pekee halitoshi. Hospitali ya Mloganzila, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, ilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini ili iwe ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Ilizinduliwa Novemba 2017, lakini mwaka 2018 uendeshaji wake ulihamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Ugumu hauishii kwenye kukata utepe. Fedha za kila mwezi ndizo mtihani.

Kwa upande wa Serikali kuna hoja ya haki pia. Shilingi inayopelekwa kwenye hospitali moja ya rufaa ni shilingi isiyofika kwenye zahanati za vijijini, ambako mama mjamzito hupata huduma ya kwanza.

Lakini Lushoto ina kumbukumbu yake. Tauni ilizuka wilayani mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara hadi miaka ya mwanzo ya 2000, ikawapata maelfu ya watu. Ugonjwa wa aina hiyo huhitaji tabibu anayeutambua mapema, maabara iliyo karibu na mtafiti anayeujua mlima.

Hapo ndipo ombi la hospitali ya chuo kikuu hupata nguvu. Daktari aliyefundishwa milimani ana sababu zaidi ya kubaki milimani, na kubaki kwake ndiko kutakakompunguzia mgonjwa safari ya kushuka Mombo.