Umekuwa wa Ngapi?

Kama umekulia Mombasa, swali hili unalijua. Siku ya kufunga shule unarudi nyumbani na karatasi mkononi, na kabla hujafika mlangoni umeshaulizwa na mama wa mbaazi, na wazee wa barazani, na jirani ambaye siku nyingine hata salamu haitikii. Hakuna anayeuliza umejifunza nini. Wote wanauliza: umekuwa wa ngapi?

Mwaka 2007, nikiwa darasa la tano, nilikuwa wa 48 kati ya watoto 71. Nilimwambia Bibi nimekuwa wa 8.

Tulikuwa tukikaa Jomvu Kuu, ule upande unaoteremka hadi kwenye mikoko, mahali ambapo magari ya barabara ya Nairobi unayasikia lakini huyaoni. Mama alikuwa Jeddah, akifanya kazi katika nyumba ya watu, na mimi nililelewa na Bibi, aliyekuwa akiuza viazi karai jioni mbele ya nyumba. Ripoti fomu yetu ilikuwa karatasi ya fotokopi iliyokunjwa katikati: masomo upande mmoja, alama upande wa pili, halafu maoni ya mwalimu wa darasa, maoni ya mwalimu mkuu, na mstari mtupu wa sahihi ya mzazi. Kila kitu kwa Kiingereza. Nilimfungulia Bibi karatasi nikiwa nimeweka kidole gumba juu ya ile 4.

"Mashaallah," akasema. "Na hapa mwalimu yuwasema nini?"

"Yuwasema nivute soksi."

"Soksi zipi? Kwani wewe soksi unazo?"

Sikuwa nazo. Na mimi mwenyewe sikujua kuwa hiyo ni namna ya Waingereza ya kusema jitahidi. Tulikaa pale sote wawili tukimshangaa mwalimu. Usiku Bibi akampigia Mama: wa nane! Mama akalia kwenye simu, na wiki iliyofuata zikaja pesa za viatu vipya. Nilivivaa viatu vile mwaka mzima na kila nikivifunga kamba nilikuwa najua.

Nimefikiria sana tangu wakati huo jinsi mpango ule ulivyokuwa wa ajabu. Shule ina habari kuhusu mtoto. Inaiandika kwa lugha ambayo mlezi haisomi, inampa mtoto mwenyewe aipeleke, halafu inamtegemea mtoto huyohuyo awe mkalimani. Yaani mshtakiwa ndiye tarishi na ndiye anayesoma hukumu. Nani alibuni hili? Na kabla yake watu wa pwani walikuwa wakijuaje kama watoto wao wanasoma au wanacheza?

Jibu la swali la pili lilikuwa ndani ya nyumba yetu. Bibi alisoma chuoni miaka ya 1950, na chuo katika Kiswahili cha zamani cha pwani si jengo la digrii, ni nyumba ya mwalimu wa Kurani. Wengine walisomea juzuu, wengine walikuwa bado na ubao, lauhu, unaoandikwa kwa wino na kuoshwa ukishaujua. Hakukuwa na alama wala darasa la nne au la tano. Kulikuwa na mahali ulipofika. Ukikutana na mtoto njiani unamuuliza, umefika wapi? Anakutajia sura. Na baba yake, awe mvuvi au mchukuzi, hahitaji kuandikiwa barua: anamkalisha mtoto baada ya magharibi, anamwambia haya soma, na anasikiliza mwenyewe. Akikosea herufi, nyumba nzima inajua. Mtoto akimaliza msahafu ni khitma, kunapikwa, mwalimu anapewa chake, na mtaa wote umeshuhudia. Neno kuhitimu, ambalo leo tunalitumia kwa majoho na kofia za mraba, limetoka huko.

Sisemi chuo kilikuwa pepo. Fimbo ilikuwepo, na kulikuwa na watoto waliokariri miaka bila kuelewa hata neno moja. Nasema tu kwamba mzazi alikuwa na masikio ya kupimia.

Shule ya karatasi ilifika eneo letu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Krapf na Rebmann walifungua misheni Rabai mwaka 1846, na kutoka kwetu Rabai si mbali. Wamethodisti wakaja Ribe mwaka 1862, na baadaye wakawa na kituo hapahapa Jomvu. Kwa Waislamu wa Jomvu, mojawapo ya yale Mataifa Tisa ya Waswahili wa Mombasa, kumpeleka mtoto misheni ilikuwa sawa na kumpeleka kanisani, kwa hiyo wengi hawakumpeleka. Serikali ya kikoloni ilipofungua shule ya Waarabu mjini Mombasa mwaka 1912, haikuwa imefikiria mtoto wa mvuvi wa bara, na isitoshe shule za wakoloni zilipangwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, za Waafrika. Mswahili kila mara alilazimika kwanza kueleza yeye ni nani, ndipo aulizwe anajua nini.

Huko shuleni ndiko kulikokuwa na kitu kipya: cheti. Neno lenyewe lina asili ya Kihindi, chitthi, kikaratasi cha ujumbe, na lilikuwa limetangulia kutumika kwenye mambo ya biashara. Sasa likawa kikaratasi cha kuonyesha mtu. Kipimo kikahama kutoka masikioni mwa wazazi kwenda kwenye kabati la ofisi.

Halafu kuna jambo la 1928, ambalo mimi bado linaniuma kidogo. Mwaka huo wajumbe wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa, mji wetu wenyewe, kuamua Kiswahili kipi kiandikwe katika vitabu vya shule. Wakachagua cha Unguja. Kimvita kikashindwa nyumbani kwake. Na herufi zikawa za Kirumi, wakati pwani hii ilikuwa imeandika barua, hesabu na tungo kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Miaka 80 hivi baadaye, mtoto wa Jomvu Kuu niliandika katika insha "babu yuwaja" na "mato yake", nikakatwa alama kila neno kwa kalamu nyekundu. Somo la Kiswahili! Lugha niliyonyonya! Kwenye ripoti niliandikiwa kuwa Kiswahili changu ni dhaifu, na ilinibidi nimtafsirie maneno hayo bibi yangu, kwa Kimvita.

Mama yeye alikuta jambo jingine. Alifanya CPE mwaka 1981, mtihani wa darasa la saba uliokuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hesabu na ile ya maarifa ya jumla. Kiswahili hakikutahiniwa kabisa. Lugha aliyoijua kuliko yote haikumpa hata alama moja, na hakupata nafasi ya sekondari. Kiswahili kiliingia kwenye mtihani wa kumaliza msingi ulipokuja mfumo wa 8-4-4 na KCPE ya kwanza, mwaka 1985. Miaka minne tu. Huwa namtania kwamba angezaliwa amechelewa kidogo angekuwa mhadhiri. Yeye hacheki sana.

KCPE ndiyo iliyokuza swali la wa ngapi likawa wimbo wa taifa. Kila mwisho wa mwaka magazeti yalijaa picha za watoto waliobebwa juu juu, na shule zikapangwa kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, nchi nzima. Shule zikaiga: kila muhula orodha ukutani. Halafu 2003 serikali ya Kibaki ikafuta ada ya shule za msingi, na wanafunzi nchini wakaongezeka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka huohuo, nikiwa sehemu ya ile ziada. Mwalimu mmoja, watoto 70 na zaidi. Unataka aandike nini kuhusu kila mtoto? Nambari ndiyo iliyokuwa rahisi. Soksi pia. Na pale shuleni kwetu elimu ilikuwa bure lakini karatasi za mtihani hazikuwa bure. Kama pesa zake hazijalipwa, ripoti ilibaki ofisini na ulirudi nyumbani mikono mitupu, jambo ambalo kwa baadhi yetu lilikuwa afueni.

Bibi alifariki mwaka 2021. Tulipofungua sanduku lake la bati tulikuta kanga ambazo hazijawahi kuvaliwa, juzuu yake ya utotoni isiyo na jalada, cheti cha CPE cha Mama, na ripoti zangu zote kutoka darasa la kwanza hadi la nane, zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki ili unyevu usiziingie. Nyuma ya kila moja kulikuwa na maandishi ya penseli. Herufi za Kiarabu, lugha ya Kiswahili. Mimi nilisoma madrasa, kwa hiyo nilianza kuzisoma taratibu, moja moja, nikiwa nimekaa sakafuni.

Nyingi zilikuwa fupi. Homa wiki mbili. Mwalimu mgeni. Hesabu imepanda. Nyuma ya ile ya 2007 aliandika: "48. Yuwasema wa nane. Nimenyamaza, mamake yu mbali."

Bila shaka alijua. Huyu ni mtu aliyeuza viazi karai na kurudisha chenji gizani kwa miaka, ati nambari zimpite? Mimi ndiye niliyeamini alichoamini mwalimu wangu, na afisa wa sensa, na kila fomu iliyowahi kupita mlangoni kwetu, kwamba Bibi hakusoma. Kumbe alikuwa akiniandikia ripoti yake, kwa hati ambayo hakuna shule niliyosoma iliyoihesabu kuwa ni kusoma. Na yake ilikuwa na habari nyingi kuliko ya shule. Ile homa ya wiki mbili, kwa mfano, ilikuwa darasa la tatu, muhula ambao mwalimu aliandika kuwa mimi ni mvivu.

Mama sijamwonyesha ile ya 2007. Alirudi kutoka Jeddah zamani, viatu vile ameshavisahau, na sijui nitaanzia wapi.

Siku hizi orodha za nambari zimeondoka, angalau kwenye ripoti. Wizara ya elimu ilipiga marufuku kupanga shule na watahiniwa mwaka 2014, mtaala mpya wa CBC ukaanza 2019, na KCPE ya mwisho ikafanywa 2023. Mpwa wangu yuko gredi ya nne. Ripoti yake haina wa ngapi. Ina viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikisha matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Katikati ya muhula kuna grupu la WhatsApp la wazazi, ambako saa tatu usiku unaambiwa mtoto kesho aje na katoni, gundi na mbegu za aina tano, na picha yake akizipanda. Dada yangu anasema yeye ndiye yuko gredi ya nne.

Muhula uliopita mpwa alileta ripoti, akampa nyanyake moja kwa moja. Mama akavaa miwani, akaipeleka mbali, akaileta karibu, akaigeuza nyuma, hakuna kitu. Akaniita.

"Hapa wameandika anakaribia matarajio ya hesabu. Matarajio ya nani?"

"Ya mtaala, Mama."

"Sasa hii ni nzuri ama mbaya? Amekuwa wa ngapi?"

Nikamwambia hawahesabu tena hivyo. Akaniangalia kama mtu anayejua kuna kidole gumba mahali fulani. Mpwa alikuwa kasimama mlangoni, mguu mmoja nje, anataka kwenda kucheza.

"Ndoo hapa," Mama akamwambia. "Kaa. Kalete kitabu chako chochote, unisomee."