Kwa nini nembo yako inatoka na boksi jeupe na kingo zenye ukungu?

Ukiingia kwenye steshenari za karibu na stendi ya Buzuruga, hapa Ilemela, siku nyingine utamkuta mteja ameinamia kioo cha kompyuta anauliza: "Hili boksi jeupe limetoka wapi?" Kikundi chao kimemtuma kuchapisha lebo za pakiti za dagaa. Kwenye simu nembo ilikuwa nzuri. Ikiwekwa juu ya lebo ya bluu, inazungukwa na mraba mweupe, na herufi zake zina ukungu.

Nasi yametukuta. Tuliwahi kuagiza fulana za kijani za kipindi, nembo tukaituma kwa WhatsApp. Fulana zilirudi na kiraka cheupe kifuani. Mchapaji alichapa alichopewa. Kosa lilikuwa letu, na pesa ilikuwa imeshakwenda. Ndiyo maana tunaeleza hapa jambo hili, ili wewe usilipe mara mbili.

Picha imejengwa na nini?

Picha ya kwenye simu ni vimraba vidogo vilivyopangwa kama vigae vya sakafu. Kila kimraba kina rangi moja tu, nacho huitwa pikseli. Nembo yenye upana wa pikseli 200 ikichapwa kwa upana wa sentimita 10, kila pikseli inakuwa na nusu milimita, na jicho linaona ngazi kwenye ukingo. Kazi nzuri ya kuchapa huhitaji pikseli 300 hivi kwa kila inchi. Kwa sentimita 10, hiyo ni kama pikseli 1,180.

Kuikuza nembo ndogo hakusaidii. Programu inabuni tu rangi za kujazia, na hapo ndipo ukungu unapoingia.

Kwa nini ukingo hauwi safi?

Mstari ulionyooka wima au mlalo unaweza kukaa sawasawa kwenye mpaka wa pikseli. Herufi O haiwezi, kwa sababu vimraba havipindi. Programu hulainisha mviringo kwa kuweka pikseli za rangi ya kati ukingoni. O nyeusi iliyochorwa juu ya nyeupe huwa na pikseli za kijivu pembezoni. Ukiifuta ile nyeupe peke yake, kijivu kinabaki, na juu ya lebo ya bluu kinaonekana kama utando.

Uwazi unafanyaje kazi?

Faili za PNG, ambazo zilianza kutumika miaka ya 1990, zinaweza kubeba namba nne kwa kila pikseli: nyekundu, kijani, bluu na ya nne inayoitwa alfa. Kwa kawaida alfa huanzia 0 hadi 255. Ikiwa 0, pikseli haionekani kabisa. Ikiwa 255, imejaa. Ikiwa 128, unaona kama nusu ya kilicho chini yake. Kwa njia hiyo ukingo wa O unayeyuka vizuri juu ya rangi yoyote, bila utando.

Faili za JPG hazina alfa. Sehemu iliyo wazi hujazwa rangi, mara nyingi nyeupe, wakati mwingine nyeusi. Tena JPG hupunguza uzito wa faili kwa kuigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa baadhi ya taarifa. Kwa picha ya ziwa au ya watu hutagundua. Kwa maandishi, utaona kama vumbi kuzunguka herufi.

WhatsApp inahusikaje?

Ukituma nembo kama picha ya kawaida, WhatsApp huibana ili isile bando, na uwazi hupotea. Ukituma faili hiyohiyo kama dokumenti, inafika kama ilivyotoka. Kuipeleka kwa flashi au kwa barua pepe kama kiambatisho pia ni salama.

Mambo ya kufanya

- Unapomlipa mbunifu, dai faili mbili: PNG kubwa yenye uwazi, na SVG au PDF ya mchoro wenyewe. SVG huhifadhi mistari kwa hesabu, si kwa pikseli, hivyo inakuzwa hadi ukubwa wa bango bila kuharibika.
- Faili hizo zihifadhiwe na watu wawili kwenye kikundi. Simu ikidondoka ziwani, nembo isizame nayo.
- Usipige picha ya skrini. Hata ikiwa PNG kwa jina, uwazi haumo.
- Kubadili jina kutoka .jpg kuwa .png hakurudishi kilichopotea.
- Jihadhari na picha za mtandaoni zenye vimraba vya kijivu na vyeupe nyuma. Katika programu vimraba hivyo ni ishara ya uwazi, lakini baadhi ya picha zimechorwa navyo. Iweke juu ya rangi nyingine: vimraba vikibaki, si uwazi.
- Kabla ya kulipia, mwambie fundi aiweke nembo juu ya rangi halisi ya lebo, aivute iwe kubwa, mkague ukingo pamoja. Kisha achape moja ya majaribio.

Kama faili asili imepotea?

Usihangaike kufuta nyeupe kwa kidole. Ni afadhali nembo ichorwe upya kwa programu kama Inkscape, ambayo ni ya bure na inatoa SVG. Nembo rahisi yenye rangi mbili tatu haimsumbui fundi anayeijua kazi yake, na gharama ya kuichora mara moja hailingani na ya kutupa lebo zote na kuanza upya.