Besiboli ya fantasi: ginsi ya kuchagua wapigaji wa juma nzima

Toka mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, ekipe 30 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani zinacheza karibu kila siku. Kila moja iko na matchi 162. Pembeni ya hizo matchi kuna mchezo mwingine ambao hauchezwi uwanjani. Mamilioni ya watu wanaunda ekipe za kubuni ndani ya simu: wanachagua wachezaji wa kweli, kisha wanapata pointi kufuatana na kile ambacho hao wachezaji wamefanya uwanjani. Huo mchezo unaitwa fantasi. Mashabiki wengi wa ligi ya Uingereza huku Goma, Bukavu na Uvira wanaujua ule wa mpira wa miguu. Ule wa besiboli ulianza mbele yake.

Familia nyingi za mashariki ya Kongo zilipokelewa Marekani kama wakimbizi, na vijana wao wanaweza kuukuta huu mchezo kazini ao shuleni. Wenzao wanawaalika kwenye ligi, kila mtu anaweka dola kidogo, na mwenye kushinda mwisho wa msimu anabeba zote. Mtu ambaye hakukua na besiboli anaanza kuchagua kwa majina anayoyasikia. Njo hapo anapoteza.

Sababu ni hii: katika ligi za juma, kikosi kinafungwa siku moja, mara nyingi jumatatu, mbele ya matchi ya kwanza. Nyuma ya hapo hakuna kubadilisha mpaka juma ingine. Kosa la jumatatu linaendelea mpaka siku ya yenga.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Mrushaji anatupa mpira, mpigaji anaupiga na gongo. Akifaulu, anakimbia kwenye besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na akirudi nyumbani ekipe yake inapata rani moja. Akipiga mpira ukapita ukuta wa uwanja, anazunguka besi zote bila kusumbuliwa: hiyo ni homrani. Kila ekipe iko na wapigaji 9 wanaofuatana kwa orodha isiyobadilika. Wa tisa akimaliza, wa kwanza anarudi.

Katika fantasi, wapigaji wanahesabiwa kwa mambo matano hasa: homrani, rani walizofunga, rani za wenzao walizosababisha, besi walizoiba, na wastani wa kupiga, maana yake mara walizofaulu kupiga na kufika besi kwa kila mara walizojaribu. Mpigaji anayefaulu mara 3 kwa 10 anaitwa mkubwa. Hata yeye anashindwa mara 7.

Wazo la hii hesabu lilipata nguvu mwaka wa 1980, wakati mwandishi Daniel Okrent na rafiki zake walianzisha ligi yao ndani ya mji wa New York. Waliipa jina la restora walimokutana, La Rotisserie Française. Wakati huo hakukuwa simu za mkononi wala intaneti. Hesabu ilitoka mu magazeti na kuandikwa kwa mkono. Mpaka leo ligi za aina hiyo zinaitwa kwa jina la ile restora.

Kwanza, kuhesabu matchi

Juma moja ya besiboli hailingani kwa ekipe zote. Matchi zinachezwa kwa mafungu: mara nyingi matchi tatu na mpinzani mmoja, kisha tatu na mwingine. Lakini kuna mafungu ya mbili na ya nne, na kuna siku za kupumzika, hasa jumatatu na alhamisi. Kwa hiyo ekipe moja inaweza kucheza mara 7 wakati ingine inacheza 5.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme kuna mpigaji mkubwa mwenye wastani wa 0.300, na ekipe yake iko na matchi 5. Akijaribu mara 4 kwa kila matchi, ni mara 20. Atafaulu mara 6. Pembeni yake kuna mpigaji wa kawaida, wastani 0.250, lakini ako na matchi 7. Huyu atajaribu mara 28 na kufaulu mara 7. Yule mdogo amempita mkubwa, juu alipata nafasi nyingi.

Hii haisemi kwamba nyota wakae kwenye benchi kila wanapokuwa na matchi 5. Nyota wa kweli analeta mengi kwa wakati mmoja: mwaka wa 2023 Ronald Acuña Jr. wa Atlanta alipiga homrani 41 na kuiba besi 73 msimu mmoja, kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukifanya. Mtu sawa vile anaanza kila juma. Hesabu ya matchi inatumika hasa kwa nafasi mbili ao tatu za mwisho za kikosi, pale ambapo wapigaji wanakaribiana. Na hapo ndipo juma nyingi zinaamuliwa.

Jambo moja la kuangalia: wastani. Matchi nyingi zinaongeza homrani na rani, lakini mpigaji dhaifu akijaribu mara nyingi anashusha wastani wa ekipe. Ekipe iliyofaulu mara 54 kwa 200 iko na 0.270. Ikiongeza mtu aliyefaulu mara 5 tu kwa 28, inashuka mpaka karibu 0.259. Mwenye ekipe aangalie kwanza ni jambo gani linamkosekania juma hiyo.

Anapiga wa ngapi?

Wa kwanza kwenye orodha anapata nafasi ya kupiga mara nyingi kuliko wa tisa. Ndani ya matchi moja tofauti haipiti mara moja, lakini kwa matchi 6 inaweza kukaribia mara 5 ao 6, sawa na matchi nzima ya ziada. Tena, anayepiga wa tatu ao wa nne anakuta mara nyingi wenzake wako tayari kwenye besi, kwa hiyo homrani yake inaleta rani mbili ao tatu. Anayepiga wa kwanza anafunga rani nyingi zake mwenyewe.

Makocha wanatangaza orodha kila siku, saa chache mbele ya matchi. Kwa ligi ya juma hiyo imechelewa. Kinachosaidia ni kuangalia orodha za siku 7 zilizopita: mpigaji aliyepanda toka nafasi ya saba mpaka ya pili amepata kazi mpya, hata kama jina lake halijasikika.

Mkono wa mrushaji

Kwa kawaida mpigaji wa mkono wa kushoto anafanya vizuri mbele ya mrushaji wa mkono wa kuume, na wa kuume mbele ya wa kushoto. Mpira unaotoka upande mwingine anauona vizuri na mapema. Warushaji wengi ni wa kuume, kwa hiyo mpigaji wa kushoto yuko na bahati juma nyingi.

Lakini makocha nao wanajua hiyo. Kuna wapigaji ambao wanaachwa nje kila mara mpinzani anapoleta mrushaji wa kushoto. Mtu wa namna hiyo anaonekana kuwa na matchi 6 kwenye kalenda, kumbe warushaji wa kushoto wakiwa wawili ao watatu juma hiyo, atacheza 3 ao 4 tu. Njia ya kujua ni rahisi: warushaji wanaoanzisha matchi wanapokezana, mara nyingi watu watano kwa zamu. Aliyeanza jumatano iliyopita anategemewa kurudi jumatatu ao jumanne. Majina ya siku za mwanzo wa juma yanatangazwa mbele. Ya mwisho wa juma yanahesabiwa kwa hiyo zamu.

Wako wapigaji wanaotumia pande zote mbili kufuatana na mrushaji. Kwa ligi za juma hao ni watu wa kutegemewa, maana kocha hana sababu kubwa ya kuwatoa.

Viwanja havifanani

Besiboli haina kipimo kimoja kwa ukuta wa nyuma. Fenway Park ya Boston iko na ukuta wa kushoto wenye urefu wa zaidi ya mita 11. Uwanja wa Seattle unajulikana kuwa mugumu kwa wapigaji, na ule wa Cincinnati unatoa homrani nyingi.

Lakini hakuna uwanja unaobadilisha hesabu kama Coors Field ya Denver, uliofunguliwa mwaka wa 1995. Uko kwenye mita karibu 1,600 juu ya bahari. Kwa wakaaji wa Kivu hiyo si mlima wa ajabu, maana Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mita karibu 1,460. Lakini viwanja vingi vya ligi viko chini sana, na hewa ya Denver ni nyepesi kuliko ile warushaji wamezoea. Mpira uliopigwa unaenda mbali, na mpira wa kupinda wa mrushaji haupindi sana. Toka 2002 mipira inahifadhiwa ndani ya chumba chenye unyevu ili kupunguza tatizo. Ilipunguza, haikulimaliza.

Kwa mwenye ekipe, maana yake ni mbili. Wapigaji wa Colorado Rockies waanze juma wanapokuwa nyumbani, na mara nyingi wakae benchi wanapokuwa safarini. Na mpigaji wa kawaida wa ekipe ingine anayeenda Denver kwa matchi tatu ao nne anastahili kufikiriwa, hata kama juma zingine haangaliwi.

Wezi wa besi

Mwaka wa 2023 ligi iliongeza ukubwa wa besi, toka karibu sentimita 38 mpaka 46 kila upande, na ikapunguza mara ambazo mrushaji anaweza kumshtua mkimbiaji. Besi zilizoibwa zikapanda toka 2,486 mwaka wa 2022 mpaka 3,503. Toka hapo mkimbiaji mwenye mbio, hata kama hana homrani, anaweza kushinda hesabu moja nzima ya juma. Mwenye ekipe inayofuatwa kwa karibu kwenye hesabu ya besi aangalie watu hao mbele ya kutafuta homrani ingine.

Mvua na majeraha

Mvua ikizuia matchi, inaweza kurudishwa kesho yake, matchi mbili siku moja, ao kupelekwa miezi mingine. Juma ya matchi 6 inakuwa 5. Mwezi wa nne ni wa kuangaliwa zaidi, maana kaskazini ya Marekani baridi na mvua bado viko. Katikati ya mwezi wa saba kuna mapumziko ya matchi ya nyota, na ile juma inakuwa fupi.

Kwa majeraha, mpigaji anayeandikwa kwenye orodha ya siku 10 si tatizo: hayupo, anatolewa. Tatizo ni yule ambaye kocha anasema wataangalia hali yake siku kwa siku. Katika ligi ya kila siku mtu anaweza kungoja. Katika ligi ya juma, kumuanzisha ni kuweka siku saba mikononi mwa daktari. Kama kuna mzima anayemkaribia, mzima aanze.

Pesa na bahati

Ndani ya juma moja mpigaji anajaribu kama mara 25. Kati ya wastani wa 0.300 na wa 0.250, tofauti kwa mara 25 ni karibu pigo moja tu. Upepo mmoja ao mkono wa mlinzi mmoja unatosha kuifuta. Kwa hiyo mtu anaweza kupanga vizuri na kushindwa, kisha akapanga vibaya na kushinda. Kazi nzuri inaonekana nyuma ya juma nyingi, haba na haba.

Hii ni muhimu kwa anayeweka pesa. Aliyeshindwa juma tatu anajaribiwa kuongeza dola kwenye ligi ingine ili kurudisha zilizopotea, sawa vile vijana wengi wanavyofanya na tiketi za kubahatisha matchi. Ligi za bure ziko nyingi, na zinafundisha mchezo uleule. Anayelipa alipe mara moja mwanzo wa msimu, kiasi ambacho kikipotea hakigusi chakula wala kodi ya nyumba.

Kila jumatatu kunabaki kazi ya nusu saa: kuhesabu matchi, kuangalia nafasi kwenye orodha, warushaji, uwanja, kisha habari za majeraha. Anayecheza akiwa huku akumbuke pia saa: saa 19:00 za New York ni saa 01:00 za Goma, tayari jumanne. Mbele ya kulala, kikosi kiwe kimekwisha pangwa.