Uso wa Nyumba na Kilicho Nyuma Yake

Zama za Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza tangu 1837 hadi 1901, ziliacha katika miji ya nchi ile safu ndefu za nyumba zilizoungana. Kila nyumba ni nyembamba, yapanda ghorofa kadhaa, na ukuta wa ubavuni ni wa shirika baina ya majirani wawili. Kiwanja cha mjini kilikuwa ghali. Kadiri upande wa barabarani ulivyokuwa mfupi, ndivyo nyumba nyingi zaidi zilivyoweza kupangwa katika mtaa mmoja.

Na tuitazame safu iliyoko Leinster Gardens, katika eneo la Bayswater, magharibi ya London. Ilijengwa miaka ya 1850 kwa ajili ya matajiri. Mbele zipo nguzo zilizoshika ukumbi wa mlangoni, na juu yake roshani. Madirisha marefu yamepangwa kwa vipimo sawa nyumba hadi nyumba, hata mpita njia adhani kuwa anatazama kasri moja. Lakini weupe ule unaoiga mawe ni lipu iliyopakwa juu ya matofali.

Mpango wa ndani wa nyumba za namna hii ulifuata vyeo vya watu. Jiko lilikuwa chini ya usawa wa barabara. Vyumba vya kupokelea wageni vilipewa ghorofa zenye nafasi na mwanga. Watumishi walilala chini ya paa, na kutwa nzima walipanda na kushuka ngazi wakichukua maji na makaa ya mawe.

Mwaka 1863 reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilifunguliwa mjini London. Ili kuifikisha Bayswater, ambako ilifunguliwa mwaka 1868, mafundi walichimba handaki kutoka juu, wakalijengea kuta, kisha wakalifunika. Njia hiyo ilipita mahali pa nyumba nambari 23 na 24 za Leinster Gardens, nazo zikabomolewa. Kwa kuwa magari ya moshi yalivutwa kwa nguvu za mvuke, pale paliachwa wazi ili moshi na mvuke upate pa kutokea.

Hata hivyo, pengo katika safu halikuvumilika. Ulijengwa ukuta wa mbele tu, wenye unene upatao meta moja na nusu, ukapewa nguzo, roshani na milango kama ya majirani. Madirisha yake yamepakwa rangi mahali pa vioo. Ukuta huo ungaliko. Atakayezunguka nyuma, mtaa wa Porchester Terrace, ataiona reli, pamoja na mihimili inayozikinga kuta za nyumba za jirani zisianguke.

Wako wanaouona ukuta huu kuwa kichekesho. Sisi twaona kwamba unaufichua usanifu wote wa safu ile. Ikiwa lipu yaweza kujifanya jiwe, na nyumba nyingi zaweza kujifanya kasri moja, basi ukuta mtupu nao waweza kujifanya nyumba. Kilichotunzwa kwa bidii kubwa ni uso wa mtaa.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Anayeandika historia kwa kutazama mbele tu atazihesabu nambari 23 na 24 kuwa makazi ya watu, na atawasahau waliopika chini na kulala juu. Basi sisi walimu, tunapofundisha habari za majengo ya kale, yawe ya kigeni au ya kwetu, tuwazoeze wanafunzi wetu kuuliza nani alipita mlango wa mbele, na nani alipita wa nyuma.